Jinsi ya Kuepuka Kufunga Choo Ukiishi Maisha ya Nairobi

Mimi ni mwuguzi katika zahanati moja ya mtaani upande wa Eastlands. Swali hili huniijia kila wiki, mara nyingi kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Sista, na hii shida ya choo kigumu, hakuna dawa?" Dawa zipo. Lakini wengi wanaoniuliza hawahitaji dawa. Wanahitaji kupanga upya asubuhi yao, sahani yao na maji yao. Majibu ninayowapa nimeyaandika hapa kwa utaratibu, ukae nayo, na umpe pia anayeona haya kuuliza.

Kwanza tuelewane. Si lazima uende choo kila siku. Kuna anayekwenda mara tatu kwa siku na kuna anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote wako sawa mradi choo kinatoka laini bila kukamua. Umefunga choo kama unakwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au kinatoka vipande vikavu kama vya mbuzi, au unakamua hadi jasho likutoke, au unainuka ukihisi kingine kimebaki. Utumbo mpana hufyonza maji. Choo kikikaa humo siku nyingi kinazidi kukauka, na kikikauka kinazidi kukaa. Nadharia yote ni hiyo.

Kama unatoka damu, unakonda bila sababu au tumbo linauma sana, anza na sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kabla ya kitu kingine chochote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chupa ya maji ya nusu lita au lita moja, unayoweza kubeba kwenye matatu.
- Maji salama ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa.
- Kigoda imara cha urefu wa sentimita 20 hivi, kama choo chako ni cha kukaa.
- Dakika 20 za asubuhi ambazo hakuna atakayekugombeza.
- Daftari dogo, au kalenda ya ukutani na kalamu.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji na zile ulizonunua mwenyewe dukani.
- Subira ya wiki tatu au nne. Wengi huacha siku ya tano wakisema haifanyi kazi.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki moja

Kabla ya kubadilisha chochote, weka alama kila siku uliyokwenda choo, kama kilikuwa kigumu au laini, na kama ulikamua. Andika pia ulichokula asubuhi. Usitegemee kumbukumbu. Wengi huniambia "sijaenda wiki nzima", tukihesabu pamoja tunakuta walikwenda Jumanne na Ijumaa.

Hatua ya 2: Iokoe asubuhi yako

Hapa ndipo penye uzito, na ukifanya hatua moja tu, fanya hii. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huanza kusukuma. Msukumo huo huwa na nguvu zaidi asubuhi baada ya kifungua kinywa, na haukai muda mrefu. Sasa angalia asubuhi ya mtu anayetoka Kitengela au Ruiru kuja mjini. Anaamka saa kumi na nusu, anaoga mbio, anatoka bila kula ili aipite foleni ya magari. Chai ya kwanza anakunywa saa nne akiwa kazini. Haja inamjia akiwa na mteja mbele yake, anaibana. Akifanya hivyo miezi, mwili unazoea kunyamaza, na ile haja iliyokuwa ikibisha hodi kwa nguvu inakuja kwa unong'ono.

Fanya hivi:

a) Lala mapema kwa dakika 20 na uamke mapema kwa dakika hizo hizo. Nguo na chakula cha mchana andaa usiku.

b) Ukiamka tu, kunywa glasi ya maji au kikombe cha kitu cha moto. Kahawa huwaamsha baadhi ya watu tumbo. Kama ni wewe, itumie.

c) Kula, hata kidogo. Uji wa wimbi uliopikwa usiku na kuwekwa kwenye chupa ya chai utaukuta ungali moto. Kipande cha nduma na ndizi mbivu pia vinatosha. Chai ya rangi peke yake si chakula.

d) Dakika 15 hadi 30 baada ya kula, nenda choo hata kama huhisi kitu. Kaa hadi dakika 10, basi. Kisipokuja, inuka uendelee na siku yako. Kesho rudi saa ile ile.

Kama saa zako za kazi haziruhusu asubuhi hata kidogo, chagua mlo wa jioni na ufanye vivyo hivyo. Muhimu ni saa isiyobadilika-badilika. Anayefanya zamu ya usiku "asubuhi" yake ni pale anapoamka saa nane mchana: ale, asubiri kidogo, aende.

*Onyo:* Simu iache nje. Mtu akiingia nayo, dakika 10 zinakuwa 40, na kukaa chooni muda mrefu huku ukikamua huchangia bawasiri.

Hatua ya 3: Kaa vizuri

Mwenye choo cha kuchuchumaa tayari yuko kwenye mkao bora. Choo cha kukaa kinahitaji msaada. Weka miguu juu ya kigoda, magoti yapande juu kidogo kuliko nyonga, inama mbele, viwiko uviegemeze magotini. Mkao huo hulegeza msuli unaoukunja mwisho wa utumbo, na njia inanyooka.

Kisha pumzi. Watu wengi hujaza pumzi, wakaizuia, wakakamua hadi mishipa ya shingo ikatoka. Acha. Vuta pumzi taratibu hadi tumbo lijae, kisha sukuma polepole huku ukiitoa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asikamue kwa nguvu kabisa. Mzee wa magoti mabovu mwekee kitu cha kushika ukutani. Kuchuchumaa kwa hofu ya kuanguka hakumsaidii.

Hatua ya 4: Haja ikija, itikia

Najua Nairobi ilivyo. Makanga hawezi kusimamisha gari Thika Road. Mlinzi yuko getini peke yake. Mama mboga akiacha kibanda, atamwachia nani? Na kuna ploti ambazo choo kimoja kinahudumia nyumba nyingi, foleni ya asubuhi ikiwa ndefu na ya usiku ikiwa ya hatari. Kwa hiyo sikwambii tu "usizuie". Panga mapema:

- Weka sarafu kwenye mfuko mmoja maalumu kwa ajili ya vyoo vya kulipia vya mjini. Jua kilicho karibu na steji yako na karibu na kazini.
- Beba tishu na sabuni kidogo. Wengi hubana kwa sababu ya uchafu wa choo, si kwa sababu ya kukosa choo.
- Mfanyabiashara, kubaliana na jirani wa kibanda mshikiane zamu kila mmoja kwa dakika chache.
- Kama choo cha ploti hakifikiki usiku kwa usalama, sogeza chakula cha jioni kiwe mapema ili upate nafasi kabla giza halijaingia.

Kuna kosa moja linaloniuma kila ninapolisikia: watu kuacha kunywa maji kutwa nzima ili wasihitaji choo kazini. Madereva hufanya hivyo, wahudumu wa maduka hufanya hivyo. Haja kubwa haitoweki, inakauka tu ikingoja. Na mwajiri anayewanyima wafanyakazi wake nafasi ya kwenda choo anawaumiza. Lisemeni kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Maji

Mtu mzima wa kawaida alenge lita moja na nusu hadi mbili za vinywaji kwa siku, na zaidi ukifanya kazi ya jua au ya jasho. Chai na uji vimo kwenye hesabu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa manjano iliyofifia uko sawa, ukikolea ongeza maji. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi huondoa kiu na watu hupitisha siku kwa vikombe viwili vya chai. Miezi hiyo kunywa maji ya uvuguvugu kwa saa, usingoje kiu.

Mnaopata maji kwa mgao, siku ya bomba kufunguka jazeni kwanza mtungi wa kunywa, ndipo mfue.

*Onyo:* Mwenye ugonjwa wa figo au moyo uliodhoofika afuate kiwango alichopewa na daktari wake, si hiki changu. Pia, kama tayari unakunywa maji ya kutosha, kuongeza lita nyingine hakutalainisha choo. Tafuta sababu kwenye sahani au kwenye asubuhi yako.

Hatua ya 6: Sahani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Usipime chakula kwa mizani. Jua tu vilipo. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi la wastani ina kama gramu 6 au 7. Mapera nayo yana nyingi kuliko matunda mengi sokoni. Upande wa pili, unga mweupe wa pakiti umeondolewa ganda na kiini cha mahindi, na nyuzinyuzi nyingi zimeondoka navyo. Sasa mtu aliyekunywa chai na mandazi asubuhi, chipsi na smoki mchana, na ugali mweupe na nyama jioni, na vijiko viwili vya sukuma pembeni, nyuzinyuzi amezipata wapi? Hakuna chakula kibaya hapo kikiwa peke yake. Shida ni vyote kufuatana, siku baada ya siku.

Badilisha kimoja kila wiki:

*Wiki ya kwanza, uji.* Wimbi au mtama mahali pa chai na mkate mweupe.

*Wiki ya pili, unga.* Peleka mahindi makavu yasiyo na ukungu kwenye kisiagi na useme wazi yasikobolewe. Kama unatumia unga wa pakiti, changanya vikombe viwili vyake na kimoja cha wimbi. Ugali wake huwa wa kahawia na hushikana taratibu, kwa hiyo maji yachemke kweli kabla ya kutia unga, na usonge kwa moto mdogo muda mrefu kidogo kuliko ulivyozoea. Watoto watalalamika siku mbili tatu. Anza na wimbi pungufu ya hapo kama ni lazima.

*Wiki ya tatu, kunde na jamii yake.* Githeri, ndengu, maharagwe au njahi mara nne kwa wiki. Kwa bei, sijui chakula kinachoshinda githeri hapa mjini. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemshe kwa nguvu hadi yaive kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva yanaumiza tumbo vibaya.

*Wiki ya nne, matunda na mboga.* Tunda moja asubuhi na moja baada ya chakula. Paipai, chungwa, pera, embe la msimu. Kula chungwa lenyewe na nyama zake. Juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Mboga zichukue nusu ya sahani: sukuma, terere, kunde, managu, chochote mama mboga alichokatia siku hiyo. Kupika hakuondoi nyuzinyuzi, kwa hiyo usijilazimishe kula majani mabichi.

*Onyo:* Usifanye yote siku moja. Utumbo ambao haujazoea utajaa gesi, utavimba, nawe utaapa kuwa maharagwe hayakufai. Na ukiongeza nyuzinyuzi bila maji, choo kinaweza kuwa kigumu zaidi.

Hatua ya 7: Tembea

Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Shuka steji moja kabla, panda ngazi, zunguka ploti baada ya chakula cha jioni. Mlinzi au fundi cherehani anayekaa kutwa ainuke kila saa, hata kwa dakika tano.

Hatua ya 8: Kagua dawa zako

Vidonge vya kuongeza damu, dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, amitriptilini, baadhi ya dawa za asidi ya tumbo na baadhi za shinikizo la damu hufunga choo. Ukiona shida ilianza mara tu baada ya dawa mpya, rudi kwa aliyekuandikia umweleze. *Usiache dawa mwenyewe.* Mara nyingi kipimo hubadilishwa, au unapewa kitu cha kulainisha choo pamoja nayo.

Kuhusu dawa za kuendesha

Sizikatazi. Mtu aliyekwama siku kadhaa anaweza kusaidiwa na laktulosi, ambayo huvuta maji kwenye choo na huchukua siku moja hadi tatu kufanya kazi, au bisakodili au sena kwa siku chache. Mweleze mhudumu wa duka la dawa umri wako, dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba. Ninachokataza ni kuzigeuza chakula cha kila wiki. Chunguza pia zile chai za "kupunguza tumbo". Nyingi zina sena ndani yake, na mtu anakunywa dawa ya kuendesha kila usiku bila kujua.

Kamwe usijipige bomba la maji ya sabuni. Sabuni huchoma utando wa utumbo. Mafuta ya mbarika mjamzito asiguse.

Wajawazito na watoto

Mimba yenyewe hupunguza mwendo wa utumbo, na vidonge vya kuongeza damu vinaongezea. Mama, endelea navyo. Hatua ya 2, 5 na 6 ndizo zako. Ukiona vinakushinda, sema kliniki kabla hujavificha kabatini.

Mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija kikawa laini, hana shida. Usimpe maji kabla ya miezi sita. Mtoto aliyepita mwaka na anayekunywa maziwa ya ng'ombe kupita nusu lita kwa siku mara nyingi hana nafasi ya chakula kingine. Punguza maziwa, ongeza matunda na maji. Kama alishaumia mara moja, atabana kwa kuogopa maumivu, na wewe utadhani ni ukaidi. Mkalishe dakika tano baada ya kula, miguu ikanyage kitu, umsomee hadithi. Usimchape wala kumcheka. Kwa mwanafunzi, muulize choo cha shule kikoje, na kama mlango unafungwa. Jibu huwa liko hapo zaidi ya unavyofikiri.

Ikikataa

*Tumbo limejaa gesi tangu nianze.* Umeongeza kwa kasi. Rudi nusu ya kiasi, kaa hapo wiki nzima, kisha panda tena.

*Nimefanya yote wiki moja, hakuna tofauti.* Endelea hadi wiki ya nne, lakini tazama daftari: je, ile saa ya asubuhi umeishika kweli?

*Choo kigumu kimenichana, nikienda nalia.* Kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni dakika 10 hadi 15 baada ya kwenda, na tumia dawa ya kulainisha hadi kidonda kipone. Ukibana kwa sababu ya maumivu utakichana upya.

*Nafunga Ramadhani.* Gawanya maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo. Kwenye daku weka uji wa wimbi au maharagwe, na nenda choo baada yake kabla ya kurudi kulala.

*Nikisafiri nyumbani mashambani nafunga.* Saa zimebadilika, na choo ni kigeni. Beba maji kwenye basi, shika saa yako ya asubuhi tangu siku ya kwanza.

*Choo ni laini lakini hakitoki, au nahisi kimebaki kila mara.* Huenda misuli ya chini inakaza pale inapotakiwa kulegea. Hili linatibika kwa mazoezi maalumu ya tiba ya viungo, omba rufaa.

*Nimefunga siku nyingi, sasa yanavuja majimaji.* Si kuhara kwa kawaida. Choo kilichoganda kinaweza kuziba huku majimaji yakipita pembeni. Usinywe dawa ya kuzuia kuhara, nenda ukapimwe.

Usingoje nyumbani

Nenda hospitali leo hii kama tumbo limevimba na kuuma sana, unatapika, na hata hewa haitoki, au kama choo ni cheusi kama lami.

Nenda ndani ya siku chache kama kuna damu kwenye choo, unakonda bila kujaribu, unachoka kwa kupungukiwa damu, au mazoea ya choo yamebadilika ghafla na kubaki hivyo, hasa ukiwa umevuka miaka 50 au una ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo. Usikubali kuambiwa "ni bawasiri tu" bila mtu kukupima. Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, kwa hiyo taja kama unavitumia.

Ukienda, beba lile daftari la hatua ya 1 na ile orodha ya dawa. Sema wazi unakwenda mara ngapi, kikoje, na tangu lini. Sisi tulio upande wa pili wa meza tumeyasikia yote na hatuoni haya. Haya zako zikikufanya useme tu "tumbo linanisumbua", utapewa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani.